Hekalu Asubuhi, Mahandaki Alasiri: Ushauri kwa Anayekwenda Tay Ninh na Cu Chi

Ukikaa Ho Chi Minh City siku mbili tu, jiji ambalo wenyeji wenyewe bado wanaliita Saigon, utauziwa safari hii. Atakuuzia dada wa mapokezi hotelini, atakuuzia kijana mwenye kabrasha la picha pale mtaa wa Pham Ngu Lao, na ukipanda bodaboda usishangae dereva naye akitoa kadi mfukoni. Asubuhi mnapelekwa Tay Ninh kuona hekalu kuu la dini ya Cao Dai, alasiri mnarudishwa hadi Cu Chi kuona mahandaki ya wakati wa vita, na jioni mnashushwa mlipochukuliwa. Basi lina kiyoyozi, bei haitishi, na chakula cha mchana mara nyingi kimo humo humo.

Wengi huikubali kwa ajili ya mahandaki, hekalu wakalihesabu kama nyongeza ya muuzaji. Hapo ndipo wanapojipunja. Kama unachotaka ni mahandaki peke yake, nunua safari ya nusu siku, ama kwa basi ama kwa boti ya kasi inayopanda Mto Saigon, na mchana utakuwa umesharudi mjini unakunywa kahawa. Mahandaki yanayotembelewa na wageni wengi, sehemu iitwayo Ben Dinh, yako kilomita 50 hivi kutoka katikati ya jiji. Hekalu liko karibu mara mbili ya umbali huo, upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea mpaka wa Kambodia. Maana yake ni kwamba saa nyingi za siku yako zitaliwa na barabara kwa sababu ya hekalu, na asiye na hamu nalo atasinzia njia nzima na kurudi akilalamika. Safari ya siku nzima inamfaa mtu anayetaka kuziona sehemu mbili za kisa kimoja. Nitaeleza kwa nini nasema kimoja, maana kwenye kipeperushi cha tangazo vinaonekana vitu viwili visivyojuana.

Kwanza ratiba, kwa kuwa ndiyo inayoharibu au kuokoa siku. Wacaodai husali mara nne kila siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Sala ya saa sita mchana ndiyo inayoendesha safari nzima. Ukiikosa, utaliona hekalu tupu, lenye kupendeza bado, lakini utakuwa umesafiri kilomita 100 kutazama jengo. Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, muulize muuzaji basi linatoka saa ngapi na linafika hekaluni saa ngapi. Akikwambia mnaondoka saa moja au saa moja na nusu asubuhi, sawa. Akikwambia saa mbili na nusu, mshukuru na uende ofisi ya jirani. Foleni ya pikipiki ya kutoka Saigon asubuhi si ya kuifanyia mzaha, na basi linaweza kutumia karibu saa moja kabla halijaonja barabara kuu.

Uliza pia mtakuwa watu wangapi, na kama tiketi ya kuingilia Cu Chi imo kwenye bei. Mara nyingi haimo, na mwongozaji huikusanya kwenye basi kwa fedha taslimu, kwa dong. Dola moja ni zaidi ya dong 25,000, kwa hiyo pochi yako itajaa noti zenye sifuri nyingi; zipange kwa rangi tangu hotelini, usije ukamlipa muuza maji noti ya 500,000 ukidhani ni ya 20,000. Zote mbili ni za buluu.

Karibu mabasi yote husimama njiani kwenye karakana ya watu wenye ulemavu. Baadhi yao wanatajwa kuwa waathirika wa dawa ya kuua majani ambayo jeshi la Marekani liliimwaga kutoka angani kati ya 1961 na 1971. Utaambiwa ni kituo cha kwenda msalani, na ni kweli, ila mlango wa kutokea unapitia dukani. Kazi yenyewe inastahili kutazamwa. Fundi huvunja ganda la yai la bata katika vipande vidogo kama punje za mchele, akavibandika kimoja kimoja juu ya ubao mweusi mpaka vikawa shingo ya korongo au vazi la mwanamke, kisha ubao ukapakwa vanishi na kusuguliwa kwa msasa tena na tena mpaka uso wake ukateleza. Dakika ishirini zinatosha. Mkifika kituo hicho saa nne na kundi likaanza kujadili vinyago, mkumbushe mwongozaji kwa upole kwamba mna miadi ya saa sita. Hatachukia, yeye mwenyewe anaitazama saa yake.

Barabara ni ile namba 22, iendayo mpaka wa Kambodia. Msishtuke mkiupita mji wa Cu Chi asubuhi bila kusimama, mtarudi. Pembeni mtaona mashamba ya mpira, miti imepangwa kwa mistari iliyonyooka, kila mmoja na kibakuli chake cha utomvu. Korosho nazo hulimwa katika majimbo ya upande huu, ingawa viwanda vya Vietnam havishibi zao lake, na sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Mtwara na Lindi huishia kubanguliwa huku. Msafiri wa kutoka kusini mwa Tanzania akinunua paketi ya korosho kwenye kituo cha mapumziko, huenda anakinunua tena kilichotoka kwao.

Baada ya Cu Chi, kabla ya njia panda ya kwenda Tay Ninh, mnapita Trang Bang. Hapa mwombe mwongozaji apunguze hadithi zake na awaonyeshe mahali. Tarehe 8 Juni 1972 wanakijiji wa hapa walikuwa wamejificha katika hekalu lao dogo la Cao Dai, mapigano yakiendelea kati ya wanajeshi wa Kaskazini na wa Kusini. Ndege za jeshi la anga la Vietnam Kusini zikadondosha napalmu, moto unaonata, juu ya watu waliokuwa wakikimbia kutoka hekaluni. Picha ya mtoto wa miaka tisa, Kim Phuc, akikimbia barabarani uchi, ngozi ya mgongo imeungua, ilizunguka dunia nzima kupitia shirika la Associated Press na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1973. Familia yake ilikuwa ya waumini wa Cao Dai. Aliishi, akakua, akawa Mkristo, na sasa ni mkazi wa Kanada. Barabara aliyokimbilia ndiyo hii mnayoipita kwa basi lenye kiyoyozi. Mabasi mengi hayasimami, na wasafiri wengi waliopita hapa hawajui kuwa wamepita. Trang Bang ya leo inajulikana zaidi kwa karatasi za mchele zinazoanikwa usiku zilainike kwa umande, na kwa supu ya tambi nene za mchele. Kama una gari la kukodi, kula hapa.

Sasa hekalu. Liko ndani ya ua mkubwa kama mji mdogo, wenye barabara pana, shule, ofisi na nyumba za watawa. Jengo lilianza kujengwa mwaka 1933 na kuzinduliwa 1955. Kwa mbele lina minara miwili kama kanisa la Kikatoliki, paa limepinda kama la pagoda, na kila dirisha lina jicho moja, jicho la kushoto, ndani ya pembetatu inayotoa miale. Jicho hilo ni la Mungu, na utaliona kila mahali mpaka utahisi linakutazama wewe. Ndani, nguzo za waridi zimezungukwa na majoka ya rangi, dari ni mbingu ya buluu yenye nyota, sakafu inapanda kwa ngazi tisa fupi kuelekea madhabahuni, na mwisho kabisa lipo tufe kubwa la buluu lenye jicho lingine. Kuna waandishi wa Kizungu waliolikejeli, wakaliona kama mapambo ya sinema. Mimi naona walikuwa na haraka. Mtu aliyekulia pwani, akazoea milango ya nakshi na vioo vya rangi vya Kihindi kwenye baraza za Kiswahili, hatashangazwa na jengo linalokusanya vya watu na kuvifanya vyake.

Dini yenyewe ilitangazwa rasmi mwaka 1926. Kabla ya hapo, karani wa serikali ya kikoloni aitwaye Ngo Van Chieu alikuwa akipokea ujumbe kwa njia ya kuwasiliana na roho, na wenzake Saigon nao wakaanza vikao vyao. Mafundisho yanachukua Ubuddha, Utao na Ukonfyusi, yanamheshimu Yesu, na utawala wake unafuata ngazi za Kanisa Katoliki, wakiwamo makadinali. Wanawake wanaweza kupanda mpaka ukadinali. Kwenye ukumbi wa kuingilia pana mchoro unaowashangaza wageni kuliko kitu kingine chochote: watu watatu wanaandika mkataba kati ya Mungu na binadamu, mmoja ni mshairi wa Kivietnam wa karne ya 16, Nguyen Binh Khiem, wa pili ni Sun Yat-sen wa China, na wa tatu ni Victor Hugo, amevaa joho la Kifaransa na kalamu mkononi. Usicheke kwa sauti. Hugo mwenyewe, alipokuwa uhamishoni kisiwa cha Jersey, alikuwa akikaa mezani na familia yake kuita roho, kwa hiyo huenda asingeona ajabu.

Taratibu ni chache na si ngumu. Viatu vinavuliwa nje, kofia vilevile. Wanawake huingilia kushoto, wanaume kulia. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga mbili mkobani zinamaliza tatizo la familia nzima. Usikate katikati ya ukumbi, njia hiyo ni ya sala. Wakati wa ibada wageni hupandishwa ghorofani, kwenye roshani zinazozunguka ukumbi, na picha zinaruhusiwa kutoka huko bila mwanga wa kamera. Kinachokera, na utakiona, ni mgeni anayeugeuzia mgongo umati unaosali ili ajipige picha. Kwa Mwislamu au Mkristo mwenye wasiwasi wa imani yake: hakuna atakayekutaka uiname, uwashe ubani wala utamke lolote. Uko juu, unatazama.

Panda mapema, dakika ishirini kabla ya saa sita, ushike nafasi kwenye ukingo. Upatu ukilia, waumini wanaingia kwa mistari, mavazi meupe, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, wakiongozwa na viongozi wenye majoho ya manjano, buluu na nyekundu: manjano kwa Ubuddha, buluu kwa Utao, nyekundu kwa Ukonfyusi. Wanakaa sakafuni kwa mistari iliyopimwa kwa vigae, kila mtu na kigae chake. Wengi ni wazee. Tazama jinsi bibi mmoja anavyokunja pindo la vazi chini ya goti kabla hajainama, na anavyolitandua akiinuka, kila mara, bila kukosea, mstari mzima ukifanya hivyo hivyo. Halafu geuka nyuma. Wageni wote wanatazama madhabahu, na wanaikosa kwaya iliyoko kwenye roshani juu ya mlango mkuu: vijana wanaimba, na wapigaji wa vinanda vya nyuzi wameketi sakafuni. Muziki wote unaousikia unatoka pale.

Waongozaji wengi huwaondoa watu baada ya robo saa ili wawahi chakula. Ibada ni ndefu kuliko hapo. Kama kundi ni dogo, zungumzeni na mwongozaji wenu tangu basini mkubaliane kukaa mpaka karibu na mwisho. Chakula kinaweza kungoja, na mahandaki yamengoja tangu miaka ya 1940. Ukiweza kupanga tarehe, sikukuu kubwa mbili za Tay Ninh ni siku ya tisa ya mwezi wa kwanza, na siku ya 15 ya mwezi wa nane, zote kwa kalenda ya mwandamo. Umati unakuwa mkubwa mno na mabasi yanajaa, lakini ua wote unapambwa kwa matunda na taa.

Hapa ndipo nilipoahidi kueleza. Tangazo linakuonyesha hekalu la amani na mahandaki ya vita. Ukweli ni kwamba Wacaodai nao walikuwa na jeshi. Katika miaka ya 1940 waliungwa mkono na Wajapani, kisha wakawa upande wa Wafaransa dhidi ya Viet Minh, wapiganaji wa kikomunisti waliodai uhuru, na Tay Ninh ikawa kama nchi ndani ya nchi. Mmoja wa makamanda wao, Trinh Minh The, alijitenga mwaka 1951 akaendesha vita vyake mwenyewe. Graham Greene alimtia katika riwaya yake ya 1955, The Quiet American. Rais wa Kusini, Ngo Dinh Diem, alipoamua kuwanyang'anya silaha, kiongozi wa dini, Pham Cong Tac, alikimbilia Kambodia mwaka 1956 na kufia Phnom Penh mwaka 1959. Na Viet Minh waliopigana na jeshi la Wacaodai ndio walioanza kuchimba mahandaki ya Cu Chi. Baada ya Kaskazini kushinda vita mwaka 1975, washindi wakaibana dini, ikaja kutambuliwa tena kisheria mwaka 1997. Kwa hiyo mchana huo utatoka nyumbani kwa watu wa upande mmoja wa ugomvi uende kwenye jumba la kumbukumbu la upande mwingine, na huenda mwongozaji asiseme neno juu ya jambo hilo.

Muulize. Lakini usimuulize kwenye kipaza sauti mbele ya kundi. Subiri mkiwa mezani, ukae karibu naye, umuulize familia yake ilikuwa wapi miaka ile. Wengi wa waongozaji wa sasa walizaliwa baada ya vita, na wengi wana babu aliyepigana upande wa Kaskazini na mjomba aliyevaa sare za Kusini. Akijibu kwa kifupi, mwache. Akijibu kwa kirefu, utakuwa umepata kile ambacho tiketi haikuuzii.

Chakula chenyewe kwa kawaida huliwa kwenye mgahawa wa kando ya barabara uliozoea mabasi. Nguruwe ni nyama ya kila siku huku, na hata kwenye supu inayoonekana ya mbogamboga huenda mchuzi ni wake. Jifunze maneno mawili: heo ni nguruwe, na chay ni chakula kisicho na nyama kabisa. Wacaodai hujizuia kula nyama siku kadhaa za kila mwezi, na wengine mwaka mzima, kwa hiyo Tay Ninh imejaa migahawa ya chay, tena mizuri. Mwislamu anayeona neno hilo ubaoni akaingia amepata nafuu. Akitaka kuswali, akumbuke kibla cha huku kiko magharibi, kimepinda kidogo kaskazini, si kaskazini kama alivyozoea Dar es Salaam. Jioni akirudi mjini, Msikiti wa Kati wa Saigon uko mtaa wa Dong Du, ulijengwa 1935 na Waislamu wa kutoka India Kusini, na migahawa ya halali iko jirani.

Mnafika Cu Chi saa nane au saa tisa, jua likiwa kali. Eneo liko chini ya jeshi, na linaendeshwa kijeshi: mnapangwa kwa makundi, mnaonyeshwa filamu, mnapelekwa kwa njia moja kati ya miti. Filamu ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya propaganda za wakati wa vita, inasifu vijana waliopewa nishani kwa kuua Wamarekani. Wageni wengine hukasirika. Itazame kama unavyotazama bunduki iliyowekwa kabatini. Nayo ilikuwa silaha.

Mahandaki yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 dhidi ya Wafaransa, yakapanuliwa sana wakati wa Wamarekani, mpaka mtandao mzima unatajwa kufika kilomita 250, kwa tabaka tatu kwenda chini. Uchimbaji ulikuwa wa majembe madogo na vikapu, usiku, na udongo ulitupwa mtoni au kwenye mashimo ya mabomu usionekane. Siri ilikuwa udongo wenyewe: mfinyanzi mwekundu wenye chembe za chuma, laini ukiwa na maji, mgumu kama tofali ukikauka. Matundu ya hewa yalifichwa ndani ya vichuguu. Mbwa wa kunusa walipoletwa, wenye mahandaki waliweka sabuni na nguo za wanajeshi wa Kimarekani kwenye matundu hayo, mbwa wakapita wakidhani ni harufu ya nyumbani. Jikoni kulikuwa na ujanja uitwao kwa jina la mpishi aliyeubuni, Hoang Cam: moshi ulipitishwa kwenye mifereji mirefu chini ya ardhi, ukatoka mbali, umepoa, kidogo kidogo, nao walipika alfajiri ili ukungu uufiche. Kikosi cha 25 cha jeshi la Marekani kilipiga kambi Cu Chi mwaka 1966, juu ya eneo lenye mahandaki, na kwa miezi kadhaa kilishindwa kuelewa risasi za usiku zinatoka wapi. Baadaye zikaja ndege za B-52, na sehemu kubwa ya mtandao ikabomolewa.

Mwongozaji atasimama mahali penye majani makavu, afagie kwa mguu, ainue kifuniko cha mbao chenye upana wa sentimita 30 hivi, na kijana mwembamba wa pale atatumbukia, ajifunike, atoweke. Kisha watauliza nani anataka kujaribu. Mikono juu, kifuniko kichwani, na simu iondoke mfukoni kabla. Mwenye mabega mapana asijitie ushujaa; kushuka ni rahisi.

Kupita ndani ya handaki ni jambo lingine. Sehemu ya wageni imepanuliwa, haizidi mita 100, na ina milango ya kutokea kila baada ya mita 20 hivi. Hata hivyo utakwenda umejikunja, mara kwa magoti, kuna joto na hewa nzito, na wakati mwingine popo wanakupita sikioni. Mwenye pumu, presha, mimba, maumivu ya goti, au woga wa mahali pa kubana, abaki juu bila aibu. Anayeingia asikae katikati ya msururu; awe nyuma tu ya mwongozaji, au awe wa mwisho kabisa, maana katikati mtu wa mbele akiganda na wa nyuma akasukuma, huna pa kwenda. Vaa suruali usiyoionea huruma. Viatu viwe vya kufunika vidole lakini vya kuvuka haraka, kwa ajili ya hekalu. Dawa ya mbu ipakwe kabla ya kushuka basini.

Usikie hili mapema: Cu Chi kuna uwanja wa kulenga shabaha, na risasi hulia karibu muda wote mnaotembea. Unalipia kwa idadi ya risasi, kwa kawaida kumi kwenda juu, uchague AK-47, M16 au bunduki nzito ya M60. Mimi nasema upite. Ni ghali, ni kelele, na mita chache kutoka hapo mmetoka kuonyeshwa shimo lenye mianzi iliyochongwa, lililochimbwa kwa ajili ya mguu wa mtu. Lakini maneno yangu zaidi ni kwa msafiri wa kutoka Kivu, Bujumbura, Kigali au kaskazini mwa Uganda, au mzazi wake. Sauti ile si ya kwenye filamu. Inaanza ghafla, nyuma ya miti, nawe unatembea msituni ukiambiwa habari za kuvizia. Mwambie mwongozaji mwanzoni kwamba hutaki kukaa karibu na uwanja huo. Wengi hupumzisha kundi kwenye kibanda cha vinywaji kilicho jirani nao, na unaweza kutangulia hatua inayofuata.

Hatua hiyo, mwishoni, ni meza ya muhogo. Ndiyo, muhogo wa kuchemsha, chakula cha wapiganaji, unachovywa kwenye karanga zilizotwangwa na sukari na chumvi, pamoja na chai ya majani ya rampe bila sukari. Wazungu huuonja kwa hofu. Mswahili ataula na kutaka nazi. Karibu na hapo fundi anakata tairi kuukuu kutengeneza makubadhi, na Mtanzania atayatambua papo hapo kuwa ni katambuga, Mkenya atasema akala. Ubunifu uliwafikia watu wa pande mbili mbalimbali kwa umaskini ule ule. Tofauti ni kwamba haya yanauzwa kwa bei ya kumbukumbu.

Kama mko watatu au wanne, gari la kukodi na mwongozaji wenu binafsi halizidi sana bei ya tiketi za basi zikijumlishwa, na linawapa ruhusa ya kukaa ibada nzima, kusimama Trang Bang, na kwenda Ben Duoc badala ya Ben Dinh. Ben Duoc iko mbali zaidi na jiji, ina wageni wachache, na ina hekalu la kumbukumbu lililofunguliwa 1995, kuta zake zimeandikwa majina ya waliokufa upande wa washindi, zaidi ya 44,000. Baada ya asubuhi ya Tay Ninh, kuta hizo utazisoma tofauti, ukijiuliza majina gani hayamo. Jumba la Makumbusho la Mabaki ya Vita, lililoko katikati ya jiji, liache kwa siku nyingine. Picha zake zinachosha moyo, na kichwa kilichojaa hakipokei.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Machi. Aprili joto linaunguza, na kuanzia Mei mvua hushuka alasiri, saa zile zile za mahandaki. Wiki ya mwaka mpya wao, Tet, iepuke kwa sababu ya foleni na bei. Viza huombwa kwenye mtandao, na tangu Agosti 2023 raia wa nchi zote wanaruhusiwa kuiomba kwa njia hiyo, hadi siku 90. Laini ya simu nunua ya Viettel kama unakwenda vijijini. Ni ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam, na mtumiaji wa Halotel Tanzania au Lumitel Burundi tayari ni mteja wao bila kujua. Bahshishi kwa mwongozaji na dereva si lazima, ila inatarajiwa, na dereva asisahaulike.

Mtarudi mjini kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, kwa kutegemea pikipiki. Usikate tiketi ya ndege ya usiku huo. Na kama hoteli yako haiko mitaa ya kati, omba kushushwa karibu na msikiti au soko la Ben Thanh ukamalizie mwenyewe kwa teksi, maana basi huwashusha abiria mmoja mmoja, na wa mwisho huongezewa saa nzima ya kuzunguka.